Robert Baldwin, wakili wa Toronto aliyejiuzulu mara nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanasiasa wa Kanada wa karne ya 19 anayejulikana zaidi ni John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa shirikisho lililoundwa mwaka 1867. Mimi nikiulizwa nianze na nani, namtaja Robert Baldwin. Shirikisho lilipozaliwa, tayari lilikuwa jambo la kawaida kwa gavana kuongoza kwa ushauri wa mawaziri wenye wabunge wengi nyuma yao. Mazoea hayo yalipiganiwa kwa miaka zaidi ya 20, na aliyeyashikilia bila kulegea ni huyu wakili mpole, mzito wa kuongea, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa barua ya kujiuzulu. Haya hapa ni maswali ambayo watu huyauliza kila jina lake linapotajwa.

Kwa kifupi, Robert Baldwin alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1804 katika mji wa York, ambao leo ni Toronto, akafariki hapohapo tarehe 9 Desemba 1858. Alikuwa wakili, mbunge, Wakili Mkuu wa Serikali kwa muda mfupi, na mara mbili Mwanasheria Mkuu wa upande wa magharibi wa koloni. Pamoja na Louis-Hippolyte LaFontaine, wakili wa Montréal, aliongoza serikali ya 1842 hadi 1843 na ile kubwa zaidi ya 1848 hadi 1851.

Alitoka familia ya namna gani?

Familia yenye uwezo, na hili lisifichwe. Babu yake alihama kutoka eneo la Cork, Ireland, mwishoni mwa karne ya 18. Baba yake, William Warren Baldwin, alikuwa daktari, wakili, mchoraji wa ramani za majengo na mwanasiasa, yote kwa mtu mmoja. Katika mji mchanga wenye wasomi wachache hilo liliwezekana. Kupitia ndoa na mirathi, ukoo ulimiliki ardhi kubwa, na mwaka 1818 William Warren alijenga nyumba juu ya kilima akaiita Spadina.

Baba na mwana walikuwa na fikra moja kisiasa. Mara nyingi wazo linalohesabiwa kuwa la Robert lilikwishasemwa na baba yake mezani au kwenye mkutano wa hadhara. Mwana alichoongeza ni uvumilivu wa kulirudia wazo hilohilo mbele ya kila gavana hadi likakubalika.

Sheria alisomea wapi, na alikuwa wakili wa aina gani?

Hakwenda chuo kikuu, kwa kuwa York haikuwa nacho. Alisoma katika shule ya John Strachan, kasisi wa Kianglikana aliyewafundisha vijana wa tabaka tawala, kisha akaingia ofisini kwa baba yake kujifunza kazi kwa kunakili nyaraka, kuandaa hati za ardhi na kufuatilia madeni ya wateja. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1825, akiwa na miaka 21, na wakafanya kazi pamoja kama baba na mwana.

Ujana wake katika uwakili ulipata mtihani mapema. Mwaka 1828 jaji John Walpole Willis alitamka kwamba Mahakama Kuu ya koloni haiwezi kukaa kihalali bila jaji mkuu kuwepo. Gavana akamwondoa kazini. Baldwin, baba yake na rafiki yao John Rolph walipinga hadharani. Kijana wa miaka 24 alikuwa ameona kwa macho yake jinsi jaji anavyoweza kufukuzwa kwa neno la mtu mmoja, na naamini somo hilo lilimkaa.

Baadaye alikuwa kiongozi mkuu wa Chama cha Wanasheria cha Kanada ya Juu, cheo ambacho kwa desturi yao huitwa mweka hazina. Alikishika mwaka 1847 hadi 1848, kisha tena kuanzia 1850 hadi kufa kwake. Mwaka 1855 serikali ilitaka kumpa ujaji mkuu wa mojawapo ya mahakama za juu. Alikataa.

Nani walikuwa wanatawala wakati huo, hadi watu walalamike?

Mwaka 1791 Waingereza waliigawa Kanada sehemu mbili: Kanada ya Juu, yenye wasemaji wa Kiingereza kwa wingi (kusini mwa Ontario ya leo), na Kanada ya Chini, yenye wasemaji wa Kifaransa kwa wingi (Québec ya leo). Kila upande ulikuwa na bunge la kuchaguliwa. Tatizo ni kwamba bunge hilo halikuwa na mkono juu ya serikali. Gavana aliletwa kutoka London. Baraza la Utendaji, yaani washauri wake, aliliteua mwenyewe. Baraza la juu la kutunga sheria nalo lilikuwa la kuteuliwa, na lilikuwa na uwezo wa kuzuia muswada wowote.

Matokeo yake, koo chache za York zilishika ujaji, ardhi ya serikali, benki na uongozi wa kanisa. Wapinzani wao waliwabandika jina la Family Compact. Mbunge aliweza kupiga kelele mwaka mzima, na kesho yake maofisa walewale wakarudi kwenye viti vilevile.

Sasa Baldwin alidai nini hasa?

Alidai kitu kimoja, na uzuri wake ni kwamba hakikuhitaji sheria mpya hata moja. Alisema: gavana achague washauri wake kutoka kwa watu wanaoungwa mkono na wabunge wengi, na washauri hao wakipoteza wingi huo, waondoke. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda Uingereza kwenyewe. Akauliza kwa nini raia wa Malkia walioko ng'ambo ya bahari wanyimwe.

London ilijibu kwa miaka mingi kwamba haiwezekani. Gavana ni mtumishi wa serikali ya Uingereza. Atawatii vipi mabwana wawili? Jibu la Baldwin lilikuwa kwamba mambo ya ndani ya koloni yaamuliwe na koloni, na yale ya dola, kama vita na mikataba na mataifa ya nje, yabaki London.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hatua hii kutoka nyumbani. Tanganyika iliifikia Septemba 1960, Julius Nyerere alipokuwa Waziri Kiongozi huku gavana Turnbull akiwa bado Ikulu. Kenya iliifikia tarehe 1 Juni 1963, Jomo Kenyatta alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu miezi sita kabla ya uhuru. Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa na ngazi iliyozoeleka ya kuachia madaraka. Kanada ya miaka ya 1840 ni mahali ambapo ngazi hiyo ilikuwa bado inatengenezwa, na kila kipandio kiligombaniwa.

Aliingia bungeni lini?

Mwaka 1828 aligombea akashindwa. Mwaka uliofuata kiti cha mji wa York kiliachwa wazi, akashinda uchaguzi mdogo. Mwaka 1830 alishindwa tena. Baada ya hapo alikaa pembeni miaka kadhaa, akifanya kazi ya uwakili na kulea familia.

Kwa nini mwaka 1836 alikaa serikalini wiki tatu tu?

Gavana mpya, Sir Francis Bond Head, alitaka kuonekana anawasikiliza wanamageuzi. Februari 1836 akamwita Baldwin, pamoja na Rolph na John Henry Dunn, waingie Baraza la Utendaji. Baldwin alisita. Mke wake alikuwa amefariki mwezi mmoja tu uliopita, na hakuamini kwamba Head angeshauriana nao kweli. Alishawishiwa akakubali.

Wasiwasi wake ulithibitika haraka. Head alifanya uteuzi na maamuzi bila kuwauliza. Baraza lilimwandikia kwamba washauri wasioshauriwa wanabeba lawama ya mambo wasiyoyajua. Head akawajibu kwamba ataomba ushauri anapotaka mwenyewe. Tarehe 12 Machi wajumbe wote sita wakajiuzulu, wahafidhina na wanamageuzi pamoja. Hapo ndipo uzito ulipo, maana hata wale wasiokubaliana na Baldwin kisiasa waliona gavana amevuka mpaka.

Bunge likagoma kuidhinisha fedha. Head akalivunja, akaingia mwenyewe kwenye kampeni akidai uchaguzi ni kati ya Uingereza na wasaliti, na wanamageuzi wakaangushwa vibaya. Baldwin alikuwa amekwisha kusafiri kwenda London. Waziri wa Makoloni, Lord Glenelg, hakukubali kumwona. Basi Julai 1836 akamwandikia barua ndefu ya kueleza hoja yake. Barua hiyo ndiyo maelezo yake bora kabisa ya kanuni aliyoisimamia, na imeandikwa kama wakili anavyoandaa shauri: hoja, pingamizi, jibu la pingamizi, ombi.

Je, alishiriki uasi wa 1837?

Hapana. Desemba 1837 William Lyon Mackenzie, mhariri wa gazeti na meya wa kwanza wa Toronto, aliwakusanya wakulima kwenye baa ya Montgomery kaskazini mwa mji ili waivamie Toronto. Baldwin hakuwa na habari ya mpango huo.

Lakini aliingizwa kwa njia ya ajabu. Tarehe 5 Desemba Head, akitafuta muda wa kujipanga, aliomba mtu anayeaminiwa na waasi apeleke bendera ya amani. Baldwin akakubali, akapanda farasi pamoja na Rolph kuelekea kaskazini kwenye barabara ya Yonge. Mackenzie aliwasikiliza, akataka ahadi ya gavana iwe ya maandishi. Wakarudi mjini kuipata. Head, ambaye sasa alijiona ana nguvu zaidi, akakataa. Wakapanda tena kwenda kuwaambia waasi kwamba hakuna kitu. Asichojua Baldwin ni kwamba Rolph, mwenzake njiani, alikuwa kwa siri upande wa waasi. Siku mbili baadaye waasi walitawanywa, Rolph na Mackenzie wakakimbilia Marekani, na Samuel Lount na Peter Matthews wakanyongwa Aprili 1838.

Kwa miaka mingi wapinzani walimtupia Baldwin safari ile, wakimwita mshirika wa wahaini. Kwangu inaonyesha kinyume chake. Alikuwa mtu pekee mjini ambaye pande zote mbili zilikubali neno lake.

Lord Durham ana uhusiano gani na habari hii?

Uasi ulitokea pia Kanada ya Chini, tena kwa damu nyingi zaidi. London ikamtuma Lord Durham mwaka 1838 kuchunguza. Baldwin na baba yake walikutana naye kwa muda mfupi, na Baldwin akamtumia maandishi yake. Ripoti ya Durham ya 1839 ilikuwa na mapendekezo mawili makubwa. La kwanza, serikali iongozwe na wenye wabunge wengi. La pili, Kanada mbili ziunganishwe ili Wafaransa wamezwe na Waingereza polepole.

London ilichukua la pili ikaliacha la kwanza. Sheria ya Muungano ilianza kazi Februari 1841. Kila upande, wa magharibi (Kanada ya Juu ya zamani) na wa mashariki (Kanada ya Chini ya zamani), ulipewa wabunge 42, ingawa upande wa Kifaransa ulikuwa na watu wengi zaidi, na Kiingereza kikafanywa lugha pekee ya kumbukumbu rasmi za bunge.

Ikiwa muungano ulikusudiwa kuwameza Wafaransa, kwa nini Baldwin alishirikiana nao?

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Wanamageuzi wengi wa Toronto waliwaona Wafaransa kama mzigo. Mwandishi wa habari Francis Hincks alianza kuandikiana barua na LaFontaine mwaka 1839, akihesabu kura: upande mmoja peke yake hauwezi, pande mbili pamoja zina wingi. Hincks alikuwa mtu wa hesabu. Baldwin yeye aliona hesabu hiyo, lakini pia aliona haki. Kama unadai serikali itoke kwa wabunge waliochaguliwa, huwezi kuwafungia nje nusu yao kwa sababu ya lugha.

Gavana Sydenham alikuwa amempa Baldwin nafasi ya Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 1840, kisha ujumbe wa Baraza la Utendaji. Bunge la kwanza la muungano lilipokutana Kingston, Juni 1841, Baldwin alidai baraza liundwe upya liwe na Wafaransa ndani. Sydenham akakataa. Baldwin akajiuzulu, mara ya pili.

Wakati huohuo LaFontaine hakuwa na kiti. Katika jimbo lake la Terrebonne, kituo cha kupigia kura kilizingirwa na watu wenye marungu, na alijitoa ili wafuasi wake wasiuawe. Baldwin alikuwa ameshinda majimbo mawili, hivyo moja likabaki wazi karibu na Toronto. Wazee wa wanamageuzi walimtaka baba yake agombee. Badala yake baba na mwana waliwaomba wakulima wa pale, wasemaji wa Kiingereza na Waprotestanti, wamchague Mkatoliki wa Montréal ambaye hawajawahi kumwona. Septemba 1841 walimchagua.

Ni kweli kwamba Baldwin naye alichaguliwa na Wafaransa?

Ndiyo. Zamani za wakati ule, mbunge akiteuliwa kuwa waziri ilimbidi arudi kwa wapiga kura kuomba tena kiti. Mwaka 1842 gavana Sir Charles Bagot aliona hawezi kutawala bila wanamageuzi, akawaita LaFontaine na Baldwin serikalini. Baldwin aliporudi jimboni kwake Hastings kuomba kura, wapinzani wakiungwa mkono na chama cha Orange, cha Waprotestanti wenye asili ya Ireland, walimwangusha katika uchaguzi uliojaa fujo. Ndipo jimbo la Rimouski, mbali kabisa mashariki kwenye mto St. Lawrence, likampa kiti Januari 1843. Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga. Lakini aliwapeleka watoto wake wote wanne shule za Kifaransa, binti zake wakisoma kwa masista wa Ursula mjini Québec. Wanasiasa wanaosifu umoja wa lugha mbili wapo wengi. Wanaowakabidhi watoto wao kwa lugha ya pili ni wachache.

Mwaka 1843 alijiuzulu tena. Kulikoni?

Bagot aliugua akafariki. Aliyemfuata, Sir Charles Metcalfe, alikuwa ametumikia India kwa miaka mingi na kisha kuwa gavana wa Jamaica. Aliwakuta mawaziri wanaojiona ni serikali, na hakulikubali hilo. Alianza kugawa vyeo vya umma bila kuwauliza. Novemba 1843 mawaziri wote walijiuzulu isipokuwa mmoja.

Kwa mtazamaji wa leo ugomvi wa nani anateua karani wa wilaya unaweza kuonekana mdogo. Haukuwa mdogo. Vyeo ndivyo vilivyolisha mfumo wa zamani. Gavana anayegawa vyeo peke yake ana kundi lake la wenye shukrani, na bunge linabaki mapambo.

Metcalfe alienda kwenye uchaguzi wa 1844 akiwa na kauli ya uaminifu kwa Malkia, akashinda upande wa magharibi. Baldwin alirudi bungeni kama kiongozi wa upinzani. Mwaka uleule baba yake alikuwa amefariki.

Ni nini kilichobadilika hadi 1848 wakashinda?

Mambo mawili yalikutana. Uingereza ilifuta kodi ya nafaka mwaka 1846, ikaelekea biashara huria, na faida ya kuyabana makoloni ikapungua. Waziri mpya wa Makoloni, Lord Grey, akaanza kuwaelekeza magavana wasijiingize upande wowote. Gavana mpya wa Kanada, Lord Elgin, mkwe wa Lord Durham, aliamini maelekezo hayo kwa dhati. Na katika uchaguzi uliomalizika Januari 1848 wanamageuzi walishinda pande zote mbili.

Bunge likapiga kura kwamba halina imani na serikali iliyokuwepo. Elgin akamwita LaFontaine, naye akamwita Baldwin, na tarehe 11 Machi 1848 wakashika madaraka. Nova Scotia ilikuwa imetangulia kwa wiki chache, na haki yake ya kuwa ya kwanza isichukuliwe.

Je, Baldwin alikuwa waziri mkuu?

Cheo hicho hakikuwepo kisheria. LaFontaine ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali, Baldwin akiongoza upande wa magharibi. Wote wawili walikuwa wanasheria wakuu, kila mmoja wa upande wake.

Kwa nini jengo la Bunge lilichomwa moto?

Serikali ilipeleka muswada wa kuwafidia watu wa upande wa mashariki walioharibiwa mali wakati wa uasi, na jumla yake ilikuwa pauni 90,000. Upande wa magharibi ulikwishalipwa fidia kama hiyo. Wahafidhina wa Montréal walidai kwamba waasi wanalipwa kwa uasi wao. Toronto walichoma sanamu ya Baldwin barabarani.

Macho yote yakawa kwa Elgin. Hakuupenda sana muswada huo, lakini ulipitishwa na wabunge wengi na uliletwa na mawaziri wenye imani ya bunge. Tarehe 25 Aprili 1849 akauridhia. Alipotoka, gari lake la farasi lilirushiwa mayai. Jioni umati ulikusanyika, ukaandamana hadi kwenye jengo la Bunge, ambalo zamani lilikuwa soko la Sainte-Anne. Wabunge walikuwa wamekaa kikao mawe yalipoanza kupasua vioo. Mtu mmoja akaketi kwenye kiti cha Spika akatangaza kwamba Bunge limevunjwa. Taa za gesi zikavunjwa, moto ukashika, na maktaba yenye zaidi ya vitabu 20,000 ikateketea. Picha kubwa ya Malkia Victoria ni miongoni mwa vitu vichache vilivyookolewa. Nyumba ya LaFontaine nayo ilishambuliwa.

Serikali haikuanguka, muswada haukufutwa, na Elgin hakuwaita wanajeshi wafyatulie umati risasi. Mji mkuu ukahamishwa kutoka Montréal, ukawa unapokezana kati ya Toronto na Québec. Kwangu mimi usiku ule ndio uliothibitisha mfumo mpya. Kabla yake, gavana alikuwa amekubali matakwa ya bunge pale yalipokuwa rahisi kukubaliwa.

Alitunga sheria gani zilizodumu?

Ya kwanza kuitaja ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1849, ambayo watu wa Ontario bado huiita kwa jina la Baldwin. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1840, mahakimu wa kuteuliwa ndio waliosimamia barabara, madaraja na kodi za wilaya, na mabaraza ya wilaya yaliyowafuata yalikuwa na uwezo mdogo. Kuanzia 1 Januari 1850 kila kitongoji, kijiji, mji na kaunti ikawa na madiwani wa kuchaguliwa wenye uwezo wa kutoza kodi na kutunga sheria ndogo. Mkulima ambaye hajawahi kuonana na waziri sasa aliweza kumfuata diwani wake sokoni amuulize daraja limefikia wapi. Muundo huo ndio msingi wa halmashauri za Ontario hadi leo.

Siku hiyohiyo chuo cha King's, kilichokuwa chini ya Kanisa la Kianglikana, kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Toronto, bila masharti ya dini kwa wanafunzi wala walimu. Strachan, mwalimu wake wa zamani ambaye sasa alikuwa askofu, alikasirika hadi akaanzisha chuo kingine. Baldwin mwenyewe alikuwa Mwanglikana mcha Mungu. Mahakama za upande wa magharibi nazo zilipangwa upya, pamoja na ile ya Chansari, iliyosikiliza mashauri ya amana, mirathi na rehani, ikapewa majaji watatu badala ya mmoja.

Serikali hiyo pia ilitoa msamaha kwa waasi wa 1837. Miongoni mwa walioutumia kurudi nyumbani ni Mackenzie.

Nani aliachwa nje ya mageuzi haya?

Swali hili linastahili jibu la wazi. Sheria ya uchaguzi ya 1849, ya serikali hiyohiyo, ilitamka kwamba wanawake hawana haki ya kupiga kura. Upande wa mashariki, wanawake wachache wenye mali walikuwa wameshawahi kupiga kura kabla ya hapo, hivyo haki waliyokuwa wakiitumia ilifutwa kwa maandishi. Watu wa asili, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikigawanywa, hawakuwa na sauti katika bunge hilo. Mwaka 1850 mikataba ya Robinson ilichukua eneo kubwa kaskazini mwa maziwa ya Huron na Superior kwa malipo madogo mno, na madai juu ya malipo hayo yalifika Mahakama ya Juu ya Kanada hata katika karne hii. Utajiri wa ukoo wa Baldwin wenyewe ulikuwa wa ardhi. Kumsifu bila kulisema hili ni kumpunja msomaji.

Ilikuwaje akaacha siasa mwaka 1851 akiwa na wabunge wengi?

Juni 1851 Mackenzie, akiwa amechaguliwa tena, alileta hoja ya kuifuta Mahakama ya Chansari, ileile ambayo Baldwin alikuwa ameipanga upya miaka miwili tu iliyopita. Hoja ilishindwa, kwa sababu wabunge wa mashariki waliipinga. Lakini wengi wa wabunge wa magharibi, wakiwemo mawakili, waliiunga mkono. Baldwin akasema hawezi kuendelea kuongoza upande ambao wabunge wake hawamwamini hata juu ya mahakama zake. Akajiuzulu, mara ya nne.

Wenzake walimsihi abaki. Kisheria hakuna kilichomlazimisha kuondoka. Lakini alikuwa amewaambia magavana wanne kwamba waziri asiyeaminiwa aondoke, na hakutaka kujitengea fungu lake. LaFontaine naye alistaafu miezi michache baadaye. Mwishoni mwa mwaka Baldwin aligombea tena jimbo lake la York Kaskazini, akashindwa na Joseph Hartman. Hakurudi bungeni.

Nimesoma kwamba aliacha agizo la kupasuliwa mwili baada ya kufa. Ni kweli?

Ni kweli, na ni habari ya huzuni. Mwaka 1827 alimwoa binamu yake, Augusta Elizabeth Sullivan, baada ya familia kujaribu kuwatenganisha kwa kumpeleka binti New York. Walipata watoto wanne. Wa mwisho, mwaka 1834, alizaliwa kwa upasuaji, jambo lililokuwa hatari kubwa enzi hizo. Augusta hakupona sawasawa, akafariki Januari 1836. Baldwin hakuoa tena. Alitunza barua zake, akaishi na huzuni iliyozidi mwaka hadi mwaka, ikichanganyika na maumivu ya kichwa na kukata tamaa ambako leo daktari angekuita sonona. Alifanya kazi yote niliyoieleza hapo juu akiwa katika hali hiyo.

Aliwaagiza watoto wake kwamba akifa barua za Augusta ziwekwe kifuani pake, majeneza yao yafungwe pamoja kwa mnyororo, na mwili wake ukatwe mahali pale alipokatwa mkewe. Hilo la mwisho halikutekelezwa wakati wa mazishi. Mwezi uliofuata mwanawe William alikuta karatasi ambayo baba alikuwa ameisisitizia ombi lake, akaingia kaburini na daktari, likatimizwa.

Ana uhusiano wowote na Robbie Ross, rafiki wa mwandishi Oscar Wilde?

Ndiyo, ni babu yake. Binti yake Eliza aliolewa na John Ross, wakili na mwanasiasa aliyefanya kazi pamoja na Baldwin. Mtoto wao mmoja ni Robert Baldwin Ross, aliyesimamia maandishi ya Wilde baada ya kifo chake.

Nikiwa Kanada, alama zake nizitafute wapi?

Ottawa, nyuma ya majengo ya Bunge, kuna sanamu yake akiwa pamoja na LaFontaine, kazi ya mchongaji Walter Allward iliyozinduliwa mwaka 1914. Toronto, barabara ya Spadina ilipimwa na baba yake ikiwa na upana wa mita 40 hivi, ndiyo maana hadi leo ina nafasi kuliko nyingine zilizo jirani, na mtaa wa Baldwin unakatiza hapohapo. Nyumba ya makumbusho inayoitwa Spadina ipo kwenye kilima kilekile, ila jengo unaloliona ni la familia ya Austin iliyonunua eneo mwaka 1866. Kaburi lake lipo makaburi ya St. James.